Mishono Inayofumuliwa Jabe

Dada Hadija,

Salamu kutoka mtaa wa Jabe, Bujumbura, vumbi hadi kwenye chai. Kumbe shangazi yetu ana huzuni kama yako: kiangazi kikiingia anageukia ukuta, hata milio ya risasi milimani haimshtui. Lakini kila asubuhi jirani mmoja au mwingine anabisha hodi na nguo iliyofumuka.

"Mama, nisaidie, mi sina fundi mwingine."

Basi anaamka, anakaa kwenye cherehani, na jioni anakula.

Juzi nikagundua mishono ile majirani wanaikata makusudi kwa wembe. Nikamwambia shangazi.

"Najua, mutoto wangu. Watu wanakata nguo zao sababu yangu, mi nitalala namna gani?"

Leo zamu ilikuwa yangu. Nisamehe, nimelifumua gauni la Idi ulilonishonea. Nikirudi nitafumua mengine, uyashone wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Zena