Barua ya Sifa Uliyoniandikisha

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini ulinikataza kuanza mazungumzo na mkubwa kabla ya kumwamkia, na leo nina neno zito, basi acha nishike adabu kwanza.

Unaikumbuka meza yetu ya Ukata, ile yenye mguu mfupi uliouwekea kipande cha tofali? Macho yako yalipoanza kufifia ulinikalisha pale kila Jumamosi, tukishaanua kahawa, nikakuandikia barua za shule. Wewe unatamka, mimi naandika, kisha unatia saini. Nilikuwa darasa la sita. "Mwandiko wako unanipa heshima hadi wilayani," uliniambia, nikavimba kichwa wiki nzima. Mama alisema sasa nyumba ina walimu wakuu wawili, na yule mdogo ndiye mkali.

Jumamosi moja ulitoka sengu kwa Babu. Wanaume wa ukoo mlikuwa mmekula ugali pamoja na kuzungumza, na jambo likishamalizwa sengu halitajwi tena nje. Ulirudi na furaha. "Tumelimaliza bila kelele," ulimwambia Mama. Mama aliendelea kupepeta mahindi. Ukaniita mezani. Tulimwandikia barua ya sifa mwalimu wa hesabu, aliyekuwa anahamia shule moja ya mwambao wa Nyasa. Naikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliiandika mara mbili, ya kwanza ilidondokewa na wino: mchapakazi, mwenye nidhamu, mlezi wa watoto kama baba mzazi. Sikujua mmemaliza jambo gani. Nilijua tu kwamba Otilia, aliyekaa nyuma yangu darasani, hakuja shule tena.

Sasa mimi ni mwalimu mkuu, kama ulivyotaka. Wiki mbili zilizopita walituita Mbinga mjini, walimu wakuu, watendaji wa kata na maafisa ustawi wa jamii, kwa mafunzo ya ulinzi wa mtoto. Nilikwenda nikinung'unika, maana mafunzo mengine huwa ni chai, maandazi na kusaini mahudhurio. Mwezeshaji akatugawia karatasi, kila mmoja aandike anachofanya akiambiwa mwalimu amemgusa mtoto isivyofaa. Kisha akazisoma bila kutaja majina. Karibu zote zilisema kitu kimoja: kuwaita wazazi, kukaa na wazee, kusuluhisha, kuomba mwalimu ahamishwe. Yangu ilikuwa humo humo.

Akasimama mwalimu mkuu mmoja wa mwambao, Mwalimu Edna. Alizungumza polepole, kama anayesoma tangazo.

"Sisi wa huku chini ndio mnaotuhamishia. Nikiwa darasa la tano alitujia mwalimu wa hesabu kutoka kwenu milimani. Alikuja na barua. Baba yangu alikuwa kwenye kamati ya shule, akaisoma mbele ya wazazi. Mlezi wa watoto kama baba mzazi. Nilipomweleza baba yaliyonipata, alinichapa kwa kumsingizia mlezi."

Baba, nilishtuka mpaka masikio yakaziba. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikataka kukiweka chini, nikaikosa meza. Watu wakadhani naumwa.

Wakati wa chakula nilimfuata, nikamwambia mwandiko wa barua ile ulikuwa wangu. Akaweka sahani yake chini.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Lakini sasa wewe ni mwalimu mkuu."

Nina hasira na wewe, na bado nakupenda, nashindwa kuvitenganisha. Hukuwa mtu mbaya. Ulidhani umeilinda shule, ukoo, hata jina la Otilia. Lakini mlikaa mkala mkashiba, na hakuna aliyemwuliza Otilia chochote.

Na mimi nilikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Kabla ya mafunzo, bibi wa mwanafunzi wangu wa darasa la tano alikuja kuniambia kwamba mwalimu wetu wa kujitolea humbakiza mjukuu wake amfagilie nyumba, na mtoto siku hizi hali wala halali. Wazee walikwisha kupanga sengu, nami nikakubali. Nilianza hata rasimu ya kumwombea mwalimu nafasi shule nyingine. Neno la kwanza niliandika "mchapakazi". Neno lako, Baba, lilitoka lenyewe.

Niliporudi niliichana. Nikamwita mtoto akiwa na bibi yake. Tulifundishwa tusimhoji kama polisi na tusimwahidi siri, tumsikilize tu. Aliniuliza swali moja.

"Mwalimu, utawaambia wazee wa sengu?"

"Hapana. Nitawaambia wanaopaswa kukulinda."

Ndipo akasema. Aliyoyasema ni yake, siyaandiki hapa. Siku hiyo hiyo tulipanda basi dogo, sisi watatu, hadi kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi. Mwalimu yule hajahamia popote. Amezuiwa kukanyaga shuleni na upelelezi unaendelea. Baba Mdogo haitikii salamu yangu. Anasema nimevunja sengu uliyoilinda maisha yako yote, na kweli nimeivunja.

Utaratibu mpya wa shule nimeubandika ukutani, nimeuandika kwa mkono. Unaanza kwa kusema mtoto asikilizwe, na jambo lake lisipelekwe sengu. Kisha unasema hakuna barua ya sifa kwa mwalimu mwenye lalamiko lisilochunguzwa.

Otilia yuko kijiji cha Ruanda, huku huku Mbinga, nasikia ana wajukuu. Jumamosi nitakwenda. Huenda akanifungia mlango, na ana haki. Akinifungulia nitamwamkia, nitakaa chini, na nitamwuliza lile ambalo hamkumwuliza.

Pumzika, Baba. Barua hii ina madoa, na safari hii sikuirudia. Saini iliyo chini si yako.

Binti yako,
niliyekuwa nikikuandikia.