Zimwi la Ziwani na Ndoo Yangu

Dada Furaha,

Hamjambo huko Malindi? Huku Ngao ni joto tupu, na samaki tunakula mpaka tunachoka.

Jana mchana nilimwonyesha mama mkwe, kwenye simu, ile sinema ya sayari za mbali iliyokunyima usingizi. Maiti wenye mabawa walipovamia chombo cha angani, yeye aliendelea kumenya ndizi. Hata buibui mwenye nyuso tatu hakumshtua. Kisha rubani akapiga magoti kando ya ziwa lililotulia ili achote maji. Mama akanishika mkono, kisu kikamponyoka.

"Hapo si ndipo alipochota jana?"

"Ndipo, mama."

"Mwambie aondoke! Mamba ndivyo alivyo. Akikuona mara mbili mahali pamoja, ya tatu anakungoja."

Ziwa likafumbua mdomo, rubani akamezwa. Nilitaka kucheka, lakini mama hakuwa akitazama simu tena. Alikuwa akinitazama mimi.

"Na wewe mwanangu, mtoni huwa unachota wapi?"

Penye mkuyu, dada, kwa sababu ya kivuli. Tangu Jumatatu, palepale.

Nibusie watoto wote. Nimekukumbuka sana asubuhi hii, maana ndoo iko mlangoni, tupu, na zamu ni yangu.

Mdogo wako,
Kadzo