Chupa ya Chai ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo mume wangu anang'olewa jino na mimi usingizi umenipaa. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, mwaka jana mguu ulimvimba, damu iliganda ndani, hospitali wakampa vidonge vya kuzuia isigande tena, anavimeza mpaka leo, sasa mama yake alipokuja kukaa nasi akasema vidonge peke yake ni kazi bure, akanifundisha kuchemsha kitunguu saumu, tangawizi na magome anayoyajua mwenyewe, nami kila asubuhi nachemsha, najaza chupa ya chai, mume wangu anaenda nayo karakana, na mama mkwe ananisifu hadi kwa majirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niolewe. Lakini siku hizi mume wangu akipiga mswaki anatema damu, mapajani ana madoa kama mtu aliyepigwa, na kule kliniki nesi alipouliza, "Kuna dawa nyingine anatumia?" yeye akajibu, "Hakuna," na mama mkwe akadakia, "Hakuna kabisa, mwanangu," na mimi nimepakata kikapu chenye chupa ileile nikanyamaza. Nikimgusia mama anasema, "Hayo si dawa, ni vitu vya jikoni." Nikisema atanuna, nisiposema naogopa hilo jino. Nifanyeje?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi, pole, ila leo nitakugombeza kidogo.

Nesi hakuuliza kwa umbea. Vidonge vya mumeo vinaizuia damu isigande upesi. Kitunguu saumu na tangawizi, vikinywewa vizito kila siku, vinaweza kuisukuma damu upande huohuo, na hayo magome hata mimi sijui yana nini. Kwenye mchuzi ni viungo. Chupa nzima kila siku ni dawa, hata kama imetoka jikoni kwako. Na atakayeng'oa jino hana habari.

Usingoje Alhamisi. Kesho usichemshe kitu. Mchukue mumeo mwende kliniki, ubebe vidonge, chupa na kipande cha kila gome, uviweke mezani na useme yote, apimwe damu. Jino lisubiri mpaka daktari aruhusu. Vidonge asiviache wala kuvipunguza kwa akili yake, mguu usije ukamvimba tena. Akitoka damu isiyokoma, akipata choo cheusi, au kichwa kikimuuma vibaya ghafla, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni leo.

Mama mkwe mwende naye, ayasikie kwa daktari. Hana nia mbaya na mwanawe, kama wewe usivyokuwa nayo. Najua sifa zake zimekunogea, umezisubiri muda mrefu, lakini ndizo zilizokuziba mdomo siku ile. Akinuna, mwache anune. Mradi mwanawe awepo wa kumbembeleza.