Daftari Moja la Nchi Nzima

Potchefstroom, 9 Februari 1858

Kaka yangu Valentyn,

Shikamoo, na salamu nyingi. Hujambo? Na goti lile alilolipiga teke fahali? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila mikono imechubuka kwa sabuni.

Nina habari, keti kwanza. Nimetimiza miaka ishirini na mmoja katika daftari la Makaburu la watumishi, na cheti cha uhuru nimepewa! Sasa nafua nguo kwa faida yangu mwenyewe. Nina chumba karibu na mto, na maboga yameanza kutambaa. Kitanda cha pili kipo, nimekitandika blanketi. Ni chako. Wanaume huachiwa wakifika ishirini na mitano, nawe umebakiza miwili tu.

Lakini kuna jambo. Mwezi jana alifika mtu kutoka huko kwenu Lydenburg, kaachiwa kihalali kama mimi. Mkuu wa hapa akasoma cheti chake, akacheka. "Hiki ni cha nchi nyingine. Huku si kitu." Akamwandika upya miaka kumi ya utumishi, akampa shemeji yake. Makaburu wa huku na wa kwenu baba zao walikuja na msafara mmoja, lakini leo kila kundi lina jamhuri yake, na karatasi ya hawa kwa wale ni ya kusokotea tumbaku.

Wanasema watakutana baada ya Pasaka ili waungane. Omba waungane, kaka. Hapo cheti chako kitafaa mpaka mlangoni kwangu.

Mdogo wako,
Rosina

Lydenburg, 2 Mei 1858

Mdogo wangu Rosina,

Hujambo, mwanamke huru? Goti langu siku hizi linajua mvua kabla ya mawingu. Barua yako nilimsomea Adonis aliyeileta, mara tatu, mpaka akasema, "Basi, nimesikia, ana maboga!"

Mkutano wao nilikuwako. Nilimwendesha bwana wangu Gert siku kumi na moja kwa gari la ng'ombe. Sasa sikia. Kabla ya yote ilibidi waimbe. Mchungaji wetu akaanzisha utenzi. Kundi moja la huko kwenu likaketi chini, kofia kichwani. "Sisi huimba Zaburi tu. Tenzi ni maneno ya watu." Wetu wakajibu, "Basi kaimbeni na nyani!" Mwingine wa kwenu akadakia kwamba kanisa letu bado liko chini ya wakubwa wa Rasi kule kusini, yaani chini ya Mwingereza. "Kikombe chenu cha Meza ya Bwana kina mate ya malkia!" Na walipofika kwenye swali la mji upi uwe mkuu, wazee wenye ndevu mpaka kifuani walikuwa wameshakabana makoo. Kahawa yangu haijachemka, nikaambiwa nifunge ng'ombe, tunarudi.

Bwana Gert njia nzima: "Heri nioze peke yangu."

Rosina, nimewaza. Juzi Bwana Gert alifuata ng'ombe wake walioibwa akaishia mtoni, mpakani. Makaburu wa ng'ambo walimwambia arudi kwake na bunduki zake. Basi nami nikivuka, ataishia pale pale. Sema neno moja tu, nije.

Kaka yako,
Valentyn

Potchefstroom, 20 Juni 1858

Kaka mpendwa,

Salamu. Huku baridi kali, ndoo zinaganda asubuhi.

Usije! Nakusihi. Bila cheti utaandikwa miaka kumi mingine, na safari hii nitakuwa nakuona ukipita na mizigo ya watu mbele ya mlango wangu. Miwili si mingi. Subiri waungane.

Nilipokuwa nafua nilikumbuka asubuhi ile walipotuchukua. Makaburu wa kwenu na wa huku walikuja pamoja, na baada ya kuchoma nyumba waliimba pamoja, sijui Zaburi, sijui utenzi. Mama alikuwa amelala pale uani. Siku ile walikuwa kitu kimoja. Nami leo napiga magoti kuomba waungane tena! Naona aibu, kaka, lakini njia nyingine siioni. Subiri. Kitanda kipo.

Mdogo wako,
Rosina

Lydenburg, 29 Aprili 1860

Rosina mpendwa,

Salamu. Nisamehe kimya. Nilitaka niandike nikiwa na cheti mkononi.

Wameungana. Bunduki zilipigwa hewani, wazee wakakumbatiana na kulia, na hakuna aliyeruhusiwa kuimba, wasije wakagombana. Nami nililia, mjinga mimi. Nilikuwa nitimize ishirini na mitano Agosti hii.

Wiki hii karani alikuja na daftari jipya, moja la nchi nzima. La zamani hakulitaka, alisema ni la jamhuri iliyokufa. Tukapangwa mstari. "Huyu miaka mingapi?" Nikajibu mwenyewe. "Hukuulizwa wewe," akasema Bwana Gert. Mkewe, aliyenifundisha kusoma Biblia nikiwa nimeshaanza kuota ndevu, akanitazama. "Bado kijana. Andika kumi na minane."

Nikasema, "Basi gari lenu nilianza kuliendesha nikiwa nanyonya." Wakacheka wote, karani naye. Kisha nikachapwa.

Miaka saba, Rosina. Na mto si mpaka tena. Juzi kijakazi wa jirani alivuka. Wale wale waliomfukuza Bwana Gert walimrudisha wenyewe, amefungwa kamba, wakakaribishwa kahawa barazani.

Usijilaumu kwa kunizuia. Ungesema nije, ningekuja. Ulisema nisubiri, nikasubiri. Nani angejua? Blanketi lile jifunike wewe, baridi inaingia. Na cheti chako kifiche. Nasikia navyo vya zamani vitaangaliwa upya.

Daftari lako linasema una ishirini na mitatu, langu kumi na minane. Basi nakuamkia kama inavyopasa. Shikamoo, dada.

Mdogo wako,
Valentyn