Usinipongeze kwa Ushindi wa Ndindi

Majengo, Nairobi
Jumapili

Kisilu mdogo wangu,

Ulipiga simu kunipongeza nikakukatia. Huku mvua imenyesha, kazi ya kubeba marobota ya mitumba Gikomba ipo, nami ni mzima. Sasa nisikilize.

Ni wewe, mwalimu, uliyemsukuma binti yangu Ndindi aingie mashindano ya biashara ya shule. Mwanafunzi huigiza meneja, mwamuzi huigiza mfanyakazi anayeachishwa kazi. Wiki nzima Ndindi alifanya mazoezi na mimi, mimi nikiwa mfanyakazi. Nilimwambia, "Bosi, mgongo unauma lakini bado nabeba. Usinifukuze, nina mtoto shuleni." Sikuyatunga. Ndiyo niliyomwambia msimamizi wangu mwezi uliopita, na Ndindi anajua. Aliyaandika daftarini.

Jana nilikaa ukumbini, shati nimelipiga pasi. Mwamuzi, akiigiza mpagazi, akaanza kulilia kazi yake. Ndindi akatabasamu.

"Mzee, nyinyi wapagazi wimbo wenu ni mmoja. Mgongo unauma, nina mtoto shuleni. Kwani huyo mtoto nilikuzalia mimi? Vua koti la kampuni, uende."

Ukumbi mzima ulicheka. Waamuzi wakasema ana msimamo wa meneja, wakampa ushindi na kikombe.

Aliposhuka jukwaani alikuja moja kwa moja akanitia kikombe mikononi. Nikadhani ananishukuru.

"Baba, nishikie. Naenda kupiga picha na waamuzi."

Nilikishika mpaka wakamaliza. Usinipigie tena mwezi huu.

Ni mimi kaka yako,
Wathome