Mkono wa Mjomba Shabani Asubuhi ya Krismasi

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua safari hii sitaisikia ile "marahaba mwanangu" yako ya kuvuta, ile iliyomfanya mtu aone aibu kwa kuchelewa kuja kukusalimia. Lakini nitaanzaje kukuandikia bila kukuamkia? Ungenisuta mbele ya wajukuu. Basi nimekuamkia, sasa tuongee.

Nakuandikia nikiwa kwangu Kihonda. Watoto wamelala mchana huu kwa uchovu wa safari, na viatu vyao vya Krismasi viko nje, vimejaa udongo mwekundu wa Matombo. Sijavisafisha. Nimeona nikae kwanza niseme na wewe, kwa sababu nimetua mzigo, mama, na nikitua mzigo wa kwanza kuambiwa huwa ni wewe. Tumekula Noeli nyumbani kwako. Ilitaka kutushinda, tena ilitaka kutushinda vibaya, lakini tumeila.

Tangu tulipokuzika wakati wa masika, nilikuwa naiogopa Desemba. Na Dominiki, unamjua mwanao, akanipigia simu kutoka Turiani kwa ile sauti yake ya mwenyekiti wa kikao. "Dada, tujaribu mwaka huu. Tukiona haiendi, nyumba tuifunge, kila mtu ale sikukuu kwake." Nikaitikia sawa. Siku ya safari aliposhuka stendi ya Msamvu akaja kwangu na wanawe ili tupande pamoja, na alipofungua begi kutafuta sweta la mtoto nikaona juu ya nguo kuna kufuli jipya, kubwa, bado liko kwenye karatasi yake. Kalinunua palepale stendi! Niliumia sana. Mtu anakwenda kula sikukuu kwa mama yake na kufuli begini, jamani?

Nilijua nyumba ile ikifungwa haifunguliwi tena. Wanangu wangebaki na Krismasi ya hapa mjini, soda na televisheni, tumekaa wenyewe tunatazamana. Koleta ana miaka saba, angekumbuka kidogo. Beno mwenye miaka minne angekusahau kabisa. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituamsha asubuhi ya Noeli? Ukungu bado umelala mlimani, wewe umeshawasha moto, umejifunga kanga kiunoni, unagonga sufuria kwa mwiko. "Amkeni! Mgeni hajaletwa na nyie mmelala!" Tunanawa uso kwa maji ya kijito, yale ya baridi mpaka meno yanauma, halafu unatupanga mlangoni. Mkubwa anabeba birika. Wa katikati wanaimba. Mdogo kuliko wote ndiye wa kushika mkono. Kisha tunateremka kwenye kile kinjia cha migomba na pilipili manga kwenda kwa jirani, kumleta Mjomba Shabani, aje achinje mbuzi.

Nilivyokua, nilidhani kila nyumba ya Wakristo duniani inafanya Krismasi hivyo, kwamba haianzi mpaka Mwislamu aletwe. Wewe hukutaka habari ya sufuria mbili. "Kilima kimoja, sufuria moja," ndivyo ulivyosema, na akichinja Mjomba Shabani kila mtu anakula, wa kanisani na wa msikitini, hakuna wa kukaa pembeni na sahani ya ndizi. Idi nayo tulikuwa tunashuka kwake sisi, tumevaa nguo zilezile za Noeli, tunashiba mpaka tunatembea kwa tabu.

Na lile agizo lako, hukuacha kulirudia hata mwaka mmoja. "Msimwachie mkono mpaka mumfikishe mlangoni." Sisi tulidhani unahofia njia, maana kinjia kile kikilowa kinateleza kama kimepakwa mafuta. Na yeye alivyo mchokozi! Wakati ule alikuwa na nguvu za kupanda mfenesi, lakini akifika kwenye kona anajilegeza. "Nishikeni wajomba, nishikeni, mzee naanguka!" Tunamvuta wote kwa kelele, yeye anacheka ndani ya ndevu. Akifika, unampigia goti mlangoni. "Shikamoo kaka." Chai ya tangawizi kwanza, halafu mbuzi, halafu maini. Maini ya kwanza yalikuwa ya watoto, yanachomwa kwenye makaa, yanaliwa moto mpaka ulimi unababuka. Baada ya hapo ndipo nguo mpya na misa.

Mwaka jana mshika mkono alikuwa Beno. Alichoka njiani, akafika amelala begani kwa Mjomba, mate yanamtiririkia kwenye kanzu. Ulicheka mpaka ukajishika mbavu. "Sasa hapa nani kamleta mwenzake?"

Basi sikiliza ya mwaka huu.

Alfajiri ya Noeli mvua ikanyesha. Si mvua ya mchezo, ile ya kwenu huko, mlima wote haukuonekana. Nikawatazama watoto, nikakitazama kinjia, nikaona ya nini kuwatesa? Mjomba ana simu, ana miguu, na nyumba yake inaonekana kutoka uani kwetu. Nikampigia. "Nakuja mwanangu, ipungue kidogo," akasema. Nikawavika watoto nguo mpya kabisa, nikawakalisha kwenye mkeka waangalie mvua. Nilijiona mama mwenye akili.

Sasa Dominiki alikuwa ameshika usukani. Anataka tuwahi misa ya saa nne, anatembea huku na huku na kisu mkononi anaangalia saa. Mimi niko jikoni napambana na moto wako, maana mafiga yako yanakujua wewe tu, mimi yananipa moshi. Mara nikasikia kimya huko uani. Unajua mbuzi aliyefungwa haachi kulia. Nikatoka. Mama, alikuwa ameshachinja! Amesimama pale mikono imejaa damu, uso umemjaa furaha, anasubiri nimsifu. "Tayari dada! Tumeokoa muda."

Nikamuuliza, "Dominiki, nani atakula huyo mbuzi?" Akanikodolea macho. Nikaona furaha inamtoka usoni taratibu, na hapohapo, chini kwenye migomba, mwavuli mweusi ukachomoza, na chini ya mwavuli kanzu nyeupe. Mjomba Shabani, peke yake, kaja na kisu chake kwenye kitambaa. Nyuma yake kwa mbali nikaona na watu wa nyumbani kwake wameanza kutoka, maana mvua ilikuwa imekatika.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga goti kwenye tope na gauni langu la kanisani. "Shikamoo mjomba." Akaitikia, akamtazama mbuzi, akamtazama Dominiki, akatutazama wote tulivyojipanga kama wanafunzi waliovunja kioo. Dominiki akaanza kuomba radhi, mwisho akasema kwa hasira, lakini ya kujikasirikia mwenyewe, "Nilisema mimi. Bila mama haiwezekani. Hii ndiyo ya mwisho." Akaingia ndani. Akatoka na lile kufuli, akaliweka mezani pale barazani, pwaa! Beno akaanza kulia.

Mjomba Shabani akaketi kwenye benchi lako, lile la ukutani. Nikaona mabega yake yanatikisika. Nikajua tumemliza mzee wa watu. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Nyie watoto," akasema, "mmefanya kama mama yenu."

Mama! Kumbe na wewe!

Akatuhadithia yote. Krismasi yako ya kwanza pale, umeolewa juzijuzi, hata majina ya majirani hujayashika. Ukaalika kilima kizima kwa moyo mweupe, mbuzi akachinjwa na marehemu baba mapema kabisa, watu wakaja wakakaa, ukapakua. Nusu ya watu hawakugusa. Hakuna aliyekutukana, walikuwa wanashukuru tu kwa adabu na kula ndizi. Ulipoelewa ukakimbilia jikoni ukalia, na Mjomba na marehemu mkewe wakakufuata kukubembeleza. Ukawaambia, "Mwakani kaka, sitamwamini mtu mwenye kisu. Nitakutumia watoto."

"Mwakani yake alikuwa bado hajapata mtoto wa kutumwa," nikasema, nikimfanyia hesabu.

"Alisubiri. Miaka ile ya katikati alikuja kunichukua mwenyewe. Halafu akakutuma wewe," akasema, na akaninyooshea kidole. "Ulikuwa ndiyo kwanza umejua kutembea. Yeye kasimama juu anakuangalia, mimi nimesimama chini nakungoja. Ukanishika kidole hiki. Na kule uani, baba yako na kisu chake, angefanya nini? Mtoto yuko njiani. Watoto wakiwa njiani hakuna mtu anayeanza sikukuu. Nyie mlidhani mlikuwa mnanishika nisianguke?"

Nililia palepale, mama, bila kujificha. Miaka yote hii nilikumbuka kinjia, nikakumbuka baridi na nyimbo, na sikujua kwamba ile kazi ilianza na mkono wangu. Nami ndiye niliyewakalisha watoto kwenye mkeka ili nguo zisichafuke! Lakini nilichokisikia zaidi kilikuwa wepesi. Tangu masika nilikuwa najipima na wewe na kujiona sifai. Kumbe hata wewe ulianza kwa kuharibu, ukalia kwenye jiko lilelile, pengine kwa moshi uleule. Kwa nini hukutuambia? Ulitaka tukuone umezaliwa unajua? Nakutania, mama. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

"Basi na siku ile walikula nini?" Koleta akauliza. Huyo haachi swali lipite.

"Mwisho nikawachinjia kuku," akasema Mjomba. "Na kuku wa bibi yako wako kwangu, nawafuga tangu alipoondoka. Haya, nani ananirudisha nyumbani nikawachukue? Mimi ni mzee, njia inateleza, na mmenileta vibaya. Hamkunileta kabisa!"

Weee! Hukuona vurugu ile. Koleta kakwapua birika. Wa Dominiki wakaanza kuimba wimbo ambao haukuwa hata wa Noeli. Beno akafuta kamasi kwa mkono wa shati jipya, akaenda akamshika Mjomba kidole. Wakateremka. Nikasimama juu, pale ulipokuwa ukisimama wewe, nikiwaangalia mpaka migomba ikawafunika. Tukasikia huko chini kelele za kuku, kelele za watoto, Mjomba anapiga ukelele, "Mzibieni huku! Huku!" Waliporudi hakuna nguo iliyokuwa na rangi yake. Kila mtoto kakumbatia kuku, na Beno, aliyepewa kifaranga kikubwa cha kumtuliza, kakibana kwapani, na kwa mkono wa pili hajamwachia Mjomba. Kamfikisha mpaka mlangoni.

Nikapiga goti upya. "Shikamoo mjomba, karibu." Safari hii ilikuwa yenyewe. Akanywa chai, akachinja majogoo, watoto wakala maini ya kuku wakalalamika kwamba ni madogo. Misa ya saa nne tuliikosa, tukaenda ya mchana na tope letu, na padri alitutazama, akaendelea na misa yake. Kisha kilima kikaja. Nisamehe, sufuria zilikuwa mbili mwaka huu, lakini zilikaa kwenye moto mmoja, na nilipakua mwenyewe nikiuliza kila mtu, "Wewe wa mbuzi au wa kuku?" Wakaligeuza utani. Hata wa kanisani wakawa wanaomba kuku wamkomoe Dominiki, akabaki na mbuzi wake kama muuza nyama aliyekosa wateja. Alicheka mpaka akasahau kununa.

Jioni Mjomba akasema kuku waliobaki wasirudi kwake. Wakae kwao, nyumba isikae bila sauti, na yeye atakuwa anapanda kila asubuhi kuwafungulia na kuwapa pumba. Komeo la banda lilikuwa limeoza na vicheche huko hawana huruma. Dominiki akasimama bila kuambiwa na mtu, akaenda barazani, akarudi na kufuli lake. Akalifunga bandani. Ufunguo akampa Mjomba kwa mikono miwili. Beno akamwambia, "Anko, mwakani usishike kisu mpaka mimi nirudi." Akamjibu, "Sawa mkubwa." Na sauti ya kikao hakuwa nayo tena.

Kwa hiyo nimekuja kukwambia usiwe na wasiwasi, wala mimi sina tena. Nakukumbuka bado, jikoni nilikukumbuka mpaka nikakuita kwa sauti, lakini Desemba siiogopi tena. Mwakani Beno anashika mkono. Akikua, atatuma mwingine.

Pumzika, mama. Kufuli liko kwenye banda la kuku. Mlango wa nyumba tumeurudishia tu na komeo lako la mti, kama ulivyokuwa ukiurudishia ukienda shambani.

Ni mimi,
kifunguamimba wako, niliyeshika mkono wa kwanza.