Mafuta ya Kunusa ya Mama Yako

Kwa Mbeti, mtoto wangu uliye Eldoret,

Nakusalimu, na mvua ya hapa inakusalimu pia. Nakuandikia kwa sababu kwa simu unanikatiza. Ati unataka kuja kumchukua mama yako kwa vile hanitambui tena. Hapa Kagio nzima hakuna mtu anajua kutunza mke kama mimi, uliza yeyote.

Sasa niko na chupa tatu za mafuta ya kunusa, ya kumtuliza mama yako: mkaratusi, mchaichai na lavenda. Siku ya kwanza nilimpaka mkaratusi shingoni bila kuchanganya, kama dawa ya kifua. Ngozi ikawaka, akalia. Mbula anayeniuzia sokoni akanifokea, "Mzee, unataka kumchoma? Ni matone mawili kwa kijiko cha mafuta ya avokado!" Nikamwambia nilikuwa najua. Sikuwa najua.

Jana asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwa migomba. Nilimpaka mchaichai mikononi polepole, nyumba yote ikanukia kama nyasi imekatwa sasa hivi. Akafunga macho, akacheka kidogo, akauliza, "Nthiga amefika?"

Mimi Nthiga nilikuwa nimemshika mikono. Nikasema, "Yuko karibu, Mama Mbeti."

"Basi akifika asiende tena."

Kwa hivyo mimi siendi, na yeye haendi. Ukija Desemba njoo na chupa ya nne, ya waridi. Gari la kumbeba liache huko.

Ni mimi baba yako, bado niko na nguvu,
Nthiga